Bangili za raba za kuchangia misaada: ni nini hasa kilizifanya zivume vile?

Nahodha77

Habari za muda huu wakuu. Kuna jambo nimelitafakari muda mrefu, leo naliweka hapa mezani.

Mei 2004 taasisi ya saratani ya Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani aliyewahi kuugua saratani, ilishirikiana na Nike kutoa bangili ya njano ya raba yenye neno moja tu, LIVESTRONG. Ikauzwa dola 1. Nike waligharimia bangili milioni 5 za mwanzo, na kwa kitu kisicho na kazi yoyote mkononi hiyo ilikuwa idadi ya kutisha. Kufikia 2013 zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 80. Katikati hapo kila ugonjwa, kila kampeni na kila chama kikajipatia rangi yake: waridi, bluu, nyeupe, nyekundu, nyeusi. Kuna watu walizipanga mkononi hadi karibu na kiwiko.

Msimamo wangu ni kwamba ile haikuwa huruma, ilikuwa fasheni. Saratani ilikuwepo kabla ya 2004, masanduku ya michango yalikuwepo, mbona hayakujaa? Akaja mtu aliyeshinda mashindano ya baiskeli ya Tour de France mara saba, akavaa kitu cha njano, dunia nzima ikavaa. Mwenye maelezo mengine ayalete. Kwa nini bangili? Kwa nini wakati ule? Na mbona siku hizi huzioni tena?

Chiriku_Mdogo

Jibu ni bei mkuu, usiende mbali. Kuchangia kwa kawaida kuna aibu ndani yake. Ukitoa kidogo unajiona hujatoa, ukitoa kingi kinakuuma hadi usiku. Bangili iliondoa yote mawili. Tajiri anatoa dola yake, mwanafunzi anatoa dola yake, wote wanaondoka na kitu kilekile mkononi. Hakuna ya dhahabu kwa waliotoa zaidi. Sikumbuki mchango mwingine uliowasawazisha watu namna ile.

Mzee_wa_Kumbukumbu

Sahihisho dogo kwa mleta mada. Bangili zilipotoka Mei 2004 Armstrong alikuwa ameshinda mara tano, kuanzia 1999 hadi 2003. Ya sita aliipata Julai 2004 na ya saba 2005. Hili lina uzito wake, kwa sababu bangili ilitoka wakati dunia inasubiri kuona kama atavunja rekodi ya mara tano. Na ile njano haikuchaguliwa kwa kupendeza macho, ni rangi ya jezi ya anayeongoza mashindano. Kila alipopita kwenye televisheni na jezi ile, alikuwa anatangaza bangili.

Nahodha77

Asante mzee, naichukua. Na inaipa nguvu hoja yangu: ni michezo na televisheni.

Fundi_Kalibu

Kabla hamjafika mbali, tuweke jambo moja sawa. Zile si raba, ni silikoni. Raba ya asili hutoka kwenye utomvu wa mti na kuna watu ngozi zao haziivumilii kabisa. Silikoni haina utomvu huo, unaoga nayo, unalala nayo, jasho haliiozeshi na jua haliipasui haraka.

Mimi kazi yangu ni kalibu, kwa hiyo niwaambie kile ambacho watu wa matangazo hawakisemi. Silikoni mbichi ni laini kama unga uliokandwa. Rangi unaichanganya humohumo kwenye malighafi, si ya kupaka juu. Unaiweka kwenye kalibu ya chuma yenye nafasi nyingi, unaifunga kwenye mashine ya kubana yenye joto, baada ya dakika chache zimeiva. Maandishi yamechongwa kwenye chuma chenyewe, kwa hiyo yanatoka na bangili, huhitaji wino. Gharama kubwa ni kuchonga kalibu mara ya kwanza. Baada ya hapo kila bangili ni senti tu.

Fulana inataka saizi, inataka kushonwa, inataka kufungashwa kwa uangalifu. Bangili inavutika, saizi moja inawatosha karibu watu wazima wote, na maelfu yake yanaingia kwenye boksi moja. Ukiuza dola 1 kitu kilichokugharimu senti chache, karibu yote inabaki kwa taasisi. Hapo ndipo siri ilipo. Bila kiwanda cha namna hiyo, hata angeivaa nani isingefika milioni 80.

Sauti_ya_Ukumbi

Fundi umeeleza vizuri sana, ila umeeleza kwa nini *ziliweza* kutengenezwa nyingi. Hujaeleza kwa nini watu walizitaka. Vijiko vya plastiki navyo ni rahisi kutengeneza na hakuna anayevivaa.

Mimi naona ni watu maarufu, basi. Agosti 2004 kulikuwa na Olimpiki ya Athens, wanariadha kibao walionekana na njano mkononi. Mwaka huohuo John Kerry aligombea urais wa Marekani akiwa nayo, na yeye alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume mwaka 2003. Ukishaona mgombea urais, mkimbiaji na mwigizaji wanavaa kitu ambacho wewe unaweza kukipata kwa dola moja, utakiacha? Nguo zao huziwezi, magari yao huyawezi, bangili yao unaiweza.

Bi_Shuwari

Vijana mnazungumza kana kwamba jambo hili lilizaliwa 2004. Novemba 1970 huko Marekani wanafunzi wa chama kilichoitwa VIVA walianza kuuza bangili za chuma zenye jina la askari mmoja mmoja aliyetekwa au kupotea vitani Vietnam, pamoja na tarehe aliyopotea. Aliyeinunua aliahidi kutoivua mpaka mwenye jina hilo arudi au ijulikane yuko wapi. Zilitoka takriban milioni 5 katika miaka sita hivi. Na hazikuwa na rangi ya kuvutia, chuma kitupu kinachoacha alama kwenye ngozi.

Rudini nyuma zaidi. Maua mekundu ya kukumbuka waliokufa vitani yameuzwa Uingereza tangu 1921. Utepe mwekundu wa UKIMWI ulianza 1991 kwa wasanii wa New York. Binadamu siku zote wametaka kuvaa wanachokiamini. Silikoni ilikuwa zamu yake tu.

Kalamu_Nyekundu

Bi Shuwari shikamoo. Hilo la askari sikulijua na limenigusa. Lakini naona tofauti moja kubwa. Bangili ya askari ilikuwa na jina la mtu mmoja na ilikuwa na mwisho: akirudi unaivua, na kuna waliowatumia walionusurika bangili zao wenyewe. Hii ya silikoni haina jina la mtu yeyote wala mwisho. Unaivua lini? Saratani ikiisha? Ndiyo maana ilikuwa rahisi kuigeuza pambo.

Bi_Shuwari

Marahaba mwanangu. Hoja yako ni nzuri. Ila usidhani bangili zote za silikoni hazikuwa na jina la mtu. Muulize aliyevaa.

Tausi_M

Niliyevaa ni mimi, ngoja niseme.

Kaka yangu aliumwa saratani ya damu akiwa kijana mdogo. Kwenye ukoo hakuna aliyelitamka jina la ugonjwa. Watu walisema "anaumwa", wakinyamaza hapohapo. Siku moja rafiki yake alimletea bangili ya njano, akaivaa, na mimi nikatafuta yangu. Nawaambia ukweli, kile kitu kilifungua vinywa. Nilikuwa kwenye foleni mama mmoja nisiyemfahamu akaniangalia mkono, akanionyesha wa kwake, akaniuliza, "Wako ni nani?" Nikamjibu ni kaka. Akasema wake ni mume. Tukazungumza hadi zamu yetu ikapita.

Mnaosema ni fasheni, sawa, kwa wengi ilikuwa fasheni. Lakini nawaomba mjue kwamba katikati ya ile fasheni tulikuwepo sisi, na kwa sababu walivaa wengi hakuna aliyetushangaa. Kama tungevaa wagonjwa na ndugu zao peke yetu, ingekuwa alama ya kutunyooshea kidole.

Nahodha77

Dada Tausi pole sana, na asante kwa kuandika. Hilo la mwisho sikuwa nimelifikiria kabisa: kwamba wanaovaa kwa fasheni wanawapa kivuli wanaovaa kwa maumivu. Natamani wengine walijibu hilo.

Zamu_ya_Usiku

Mimi ni muuguzi, naleta upande ambao hamjaugusa. Hospitali zina bangili zake za rangi kwa wagonjwa, na rangi ni lugha ya dharura. Mwishoni mwa 2004 huko Florida ziligunduliwa hospitali ambazo njano kwao ilimaanisha mgonjwa huyu moyo ukisimama asihuishwe. Fikirieni mtu anaingia na LIVESTRONG mkononi, moyo unasimama usiku, na anayekimbilia kitandani ni mgeni wa zamu. Ikabidi wauguzi wazivue au wazifunike kwa plasta wagonjwa wanapolazwa.

Baadaye, mwaka 2008, chama cha hospitali za Marekani kilishauri rangi zifanane nchi nzima: nyekundu kwa mzio, njano kwa anayeweza kuanguka, zambarau kwa asiyetaka kuhuishwa. Mimi nikimpokea mgonjwa bado namwomba avue kila kitu cha mkononi, hata kama ni cha hisani. Wengine wanakasirika, wanaona namvua imani yake. Namweleza taratibu.

Chiriku_Mdogo

Aisee, hii ya muuguzi imenisimamisha nywele. Endeleeni, nipo nasoma.

Nyuki_Kazini

Wote mmeshikilia saratani. Mimi mfano wangu ni bangili nyeupe ya 2005, MAKE POVERTY HISTORY, ya muungano wa mashirika ya Uingereza. Ile haikuwa ya kuomba mchango hasa, ilikuwa ya shinikizo. Viongozi wa G8, kundi la mataifa nane makubwa, walikuwa wanakutana Gleneagles, Scotland, Julai 2005, na waandamanaji walitaka madeni ya nchi maskini yafutwe, misaada iongezwe na biashara iwe ya haki. Tony Blair mwenyewe alionekana ameivaa, yaani anayeshinikizwa anavaa alama ya wanaomshinikiza!

Na kuna kilichotoka. Juni 2005 mawaziri wa fedha wa G8 walikubaliana kufuta madeni ya nchi 18, thamani yake kama dola bilioni 40, madeni ya Benki ya Dunia, IMF na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa kwenye orodha. Kwa hiyo anayesema bangili ni pambo tu, aniambie kwanza hizo zilifutwa na nini.

Sauti_ya_Ukumbi

Zilifutwa na mazungumzo ya miaka mingi mkuu. Kampeni ya kufuta madeni ilianza kabla ya mwaka 2000, watu walishika mikono kuzunguka mkutano wa G8 Birmingham mwaka 1998, na hawakuwa na bangili yoyote. Mpango wa nchi maskini zenye madeni mazito ulianza 1996. Bangili ilikuja kwenye mlo wakati ugali umeshaiva.

Nyuki_Kazini

Kwani aliyekuja mwishoni hakubeba chochote? Kanuni za kufuta zilikuwepo, utashi wa siasa ndio ulikosekana. Mamilioni ya watu wenye mkono mweupe ni utashi wa siasa unaoonekana kwa macho. Mbunge akitoka nje anaziona, hana haja ya kuhesabu kura za maoni.

Kalamu_Nyekundu

Nyuki, kampeni ile naiheshimu, lakini usilisahau doa lake. Mwaka huohuo wa 2005 ilibainika kuwa baadhi ya zile bangili nyeupe zilitengenezwa China kwenye viwanda vilivyokuwa vinawanyanyasa wafanyakazi wake, kinyume na viwango ambavyo mashirika yenyewe yanavidai kwa wengine. Bangili ya kupinga umaskini, iliyotengenezwa na mtu anayelipwa chini ya haki yake. Hilo liliniuma kuliko kama ingekuwa kampuni ya kawaida ya viatu.

Fundi_Kalibu

Hapo niongeze neno kama mtu wa kiwandani. Oda ikija ghafla ya mamilioni, na mteja anazitaka kabla ya mkutano wa viongozi, kiwanda chenye utaratibu mzuri hukwambia subiri. Kisicho na utaratibu kinasema ndiyo, kinawakesha watu. Kuvuma kwenyewe kunazaa tatizo hilo. Anayeagiza akiwa na haraka, haki ya mfanyakazi ndiyo ya kwanza kukatwa. Dawa ni kuagiza mapema na kumtuma mtu akague kiwanda kabla ya malipo ya mwanzo.

Msomi_Mtulivu

Naomba niongeze Japani, kwa sababu inajibu nusu ya kichwa cha mada. Bangili nyeupe ziliuzwa huko 2005 kwa yeni 300 na zikavuma sana. Wanunuzi wengi waliamini yeni zao zinaenda kununua chakula na dawa kwa maskini. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa gharama ya kutengeneza na kusambaza, na iliyobaki ilikusudiwa kazi ya ushawishi wa sera, si kugawa misaada. Hasira ililipuka, watu wakasema wametapeliwa.

Waandaaji hawakuwa wezi. Ushawishi wa sera ni kazi halali, na deni likifutwa ni fedha nyingi kuliko magunia yote ya unga. Lakini bangili haina nafasi ya kueleza hayo. Ina sentimita chache za maandishi, na mnunuzi anajaza maana anayoitaka yeye. Mimi nadhani *hicho* ndicho kilichozifanya zivume: kila mmoja aliona ndani yake msaada anaoutaka.

Hata LIVESTRONG ni hivyohivyo. Waliovaa wengi walidhani dola yao inatafuta dawa ya saratani. Taasisi ile, kadiri miaka ilivyokwenda, ilijikita zaidi kuwahudumia wanaoishi na ugonjwa: ushauri, taarifa, msaada wa kupata matibabu, hata kuhifadhi uwezo wa kuzaa kabla ya dawa kali. Utafiti wa maabara haukuwa kazi yake kubwa.

Tausi_M

Msomi, hilo la mwisho sisi ndugu wa wagonjwa hatukulichukulia kama udanganyifu. Dawa mpya huchukua miaka na miaka. Mtu wa kukueleza leo majibu haya ya kipimo yana maana gani, huyo unamhitaji leo.

Msomi_Mtulivu

Nakubaliana nawe dada, na mimi ningechagua hivyohivyo. Nasema tu mnunuzi aambiwe.

Mpiga_Filimbi

Wapenzi wa soka mko wapi? Januari 2005 Thierry Henry na Nike walitoa bangili mbili zilizofungamana, nyeusi na nyeupe, STAND UP SPEAK UP, kupinga ubaguzi kwenye viwanja vya Ulaya. Chanzo kilikuwa maneno ya kibaguzi aliyoyasema kocha wa Hispania, Luis Aragonés, kumhusu Henry mwaka 2004. Mauzo yalipelekwa kwenye mfuko uliosimamiwa na King Baudouin Foundation ya Ubelgiji.

Swali langu: ubaguzi ulipungua? Henry ninamheshimu, aliweka jina lake mbele. Lakini miaka imepita na wachezaji bado wanatukanwa. Klabu zilivaa bangili kwa raha kwa sababu bangili haimfungii shabiki mlango wala haikatwi pointi. Adhabu ndiyo ingefanya kazi.

Mama_Pacha

Mpiga Filimbi umenikumbusha za bluu za kupinga uonevu shuleni, Uingereza mwishoni mwa 2004. Mastaa walizivaa, zikaadimika, zikawa zinauzwa mtandaoni kwa bei ya juu. Halafu zikaja habari kwamba watoto waliozivaa wanaonewa kwa sababu ya kuzivaa. Mimi ni mwalimu, hilo halinishangazi hata kidogo. Mtoto akivaa alama inayosema "napinga uonevu", mwonevu anasoma "huyu ameshaonewa".

Hapa ndipo hoja ya Tausi ya kivuli inapokuwa na uzito. Shule ambayo wanavaa karibu wote, mtoto dhaifu amejificha salama. Shule ambayo wanavaa watatu, umewaanika.

Sauti_ya_Ukumbi

Mwalimu, na zile za saratani ya matiti za kule Pennsylvania? Zilizoandikwa "I ♥ Boobies", yaani "napenda matiti" kwa Kiingereza cha mtaani? Mngeziruhusu darasani kwenu?

Mama_Pacha

Nilijua kuna atakayefika huko 😄. Kesi yenyewe naijua. Wasichana wawili wa shule ya kati walisimamishwa mwaka 2010 kwa kuzivaa, za Keep A Breast Foundation. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba shule haikuwa na haki ya kuzipiga marufuku, kwa kuwa ujumbe wake ulihusu jambo la kijamii na hazikuvuruga masomo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa ya shule.

Mimi ningeziruhusu. Wavulana wangecheka wiki moja. Halafu kuna mmoja angeenda nyumbani kumuuliza mama yake kama amewahi kupimwa. Huyo mmoja ananitosha.

Kijiti_Kirefu

Nimesoma uzi wote, hakuna aliyegusa saikolojia. Mwaka 2014 watafiti wa Canada walichapisha matokeo ya majaribio yao. Watu walipewa alama ya bure ya kuunga mkono jambo, baadhi waivae mbele za watu, baadhi waichukue kwa faragha. Baadaye wakaombwa msaada wa kweli, pesa au muda. Walioivaa hadharani walisaidia kidogo kuliko walioichukua kwa faragha. Maelezo yao ni kwamba aliyeonekana ameshapata alichokitaka, yaani kuonekana mwema. Aliyebaki nayo moyoni anahisi bado ana jambo la kutimiza.

Kwa hiyo Nahodha77 yuko sahihi kwa kipimo. Kuvaa kunamaliza hamu ya kutoa.

Chiriku_Mdogo

Subiri kwanza mkuu. Umesema alama ya *bure*. Bangili ya njano ilinunuliwa. Aliyelipa dola yake ameshatoa, hata kama hatatoa tena. Milioni 80 zilizolipiwa si sawa na alama iliyogawiwa bure mlangoni.

Kijiti_Kirefu

Hoja nzuri, na nakiri majaribio hayakuwa ya kununua. Ila jiulize kama yule wa dola 1 angetoa 20 bila bangili.

Chiriku_Mdogo

Wengi wao wasingetoa kitu. Wangepita. Wengi walikuwa vijana ambao hakuna shirika lililokuwa linawaomba chochote, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kuchangia jambo lisilo la ndugu yao.

Mtunza_Hesabu

Nimewahi kuwa mweka hazina wa kikundi kilichoagiza bangili wakati homa ile imeshapoa. Mambo ambayo Fundi ameyasema ni kweli, bei ya moja inashuka kadiri unavyoagiza nyingi, na huo ndio mtego. Muuzaji anakwambia ukiongeza kidogo tu kila moja inashuka bei, unaongeza, unaongeza. Zikafika. Wanachama wakanunua, ndugu zao wakanunua, maboksi yakabaki. Hela ya mchango ikawa imelala kwenye silikoni ambayo huwezi kumlipia mgonjwa dawa nayo. Tangu hapo msimamo wangu ni agizo dogo, lipiwe na mfadhili mmoja anayejua hatarudishiwa, na kila senti ya mauzo iende kwenye lengo. Nike walifanya hivyo na milioni 5 za kwanza. Wengi waliowaiga waliiga rangi na maandishi, hawakuiga hilo.

Mzee_wa_Kumbukumbu

Tukumbuke pia zilivyoanguka. Oktoba 2012 shirika la Marekani la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni lilitoa ripoti yake, Armstrong akapokonywa ushindi wake wote saba. Nike wakaachana naye mwezi huohuo. Novemba taasisi ikaondoa jina lake ikajiita Livestrong Foundation. Januari 2013 akakiri mwenyewe mbele ya Oprah Winfrey. Mei mwaka huo Nike wakatangaza kusitisha bidhaa za Livestrong. Watu walizikata bangili kwa mkasi. Wengine walifuta herufi moja moja.

Mimi nilimshabikia sana, na hasira yangu haijaisha. Hakudanganya mashabiki wa baiskeli peke yao, alidanganya watu waliokuwa wamelala na dripu mkononi wakijiambia kama yeye aliweza na wao wataweza.

Tausi_M

Mzee, mimi sikuivua. Ugonjwa wake wa 1996 ulikuwa wa kweli, saratani iliyokuwa imefika kwenye mapafu na ubongo, na kupona kwake kulikuwa kwa kweli. Alichoiba ni ushindi wa baiskeli. Kaka hakuwa anaangalia baiskeli.

Kalamu_Nyekundu

Ndiyo hatari ya kuiweka hisani juu ya mgongo wa mtu mmoja. Mfuko unapanda naye, unashuka naye, na wagonjwa hawakushauriwa.

Zamu_ya_Usiku

Mleta mada aliuliza ziko wapi siku hizi. Nadhani mkono umekaliwa na saa za kuhesabu hatua na mapigo ya moyo. Na kuonyesha unachokiunga mkono kumehamia kwenye simu. Mwaka 2014 watu walijimwagia maji ya barafu mbele ya kamera na shirika la Marekani la ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, likapata dola milioni 115. Hakuna bangili iliyohitajika.

Fundi_Kalibu

Hazijafa mkuu. Kwenye mbio za hisani, matamasha na misiba zinaagizwa kila siku, ila oda ni ndogondogo. Na zimepata kazi nyingine ambayo ni ya maana kweli. Watafiti wa Oregon State University walionyesha mwaka 2014 kwamba silikoni inanyonya kemikali zilizomo kwenye hewa na zinazogusa ngozi. Mtu anavaa bangili iliyosafishwa maalumu, baadaye inapelekwa maabara, wanajua amekutana na dawa gani za wadudu au moshi gani.

Nahodha77

Wakuu nimefuatilia kila mchango. Nilikuja na neno fasheni, naona limechukua kila kitu na halijaeleza kitu. Bado sijashawishika kuhusu bei peke yake, wala watu maarufu peke yao, maana zile za bluu na nyeusi zilikuwa na mastaa na hazikufika milioni 80. Labda ni saratani yenyewe, kwamba karibu kila familia ina mtu. Mama Pacha na Mpiga Filimbi mnasemaje?

Mpiga_Filimbi

Hapana, malaria inaua sana na hakuna bangili yake iliyovuma hivyo. Wanunuzi wenye dola hawakuwa na mgonjwa wa malaria nyumbani. Walinunua ugonjwa wao.

Nyuki_Kazini

Na nyeupe je? Umaskini haukuwa nyumbani kwao na bado waliinunua.

Mtunza_Hesabu

Naomba kuuliza Fundi nje kidogo ya mada. Yale maboksi yaliyobaki tunaweza kuyayeyusha tukatengeneza kitu kingine?

Fundi_Kalibu

Huwezi ndugu. Silikoni ikishaiva haiyeyuki tena kama plastiki, ukizidisha moto inaungua na kuacha unga mweupe. Wapo wanaoisaga ikawa chembechembe za kujazia sakafu za viwanja vya watoto. Tafuta wa karibu yako umpe bure, asikuchaji usafiri.